Dakika Tano

Turubai jeusi limetandazwa shimoni,
ekari sita za joto, nje kidogo ya Jinja,
nami nimepiga magoti juu yake saa sita mchana
kama anayesikiliza kifua cha mgonjwa.

Si turubai, ananisahihisha Tenywa, msimamizi wa zamu.
Ni utando. Milimita mbili. Umekuja kwa meli, una cheti.
Najua. Nimekisoma cheti.
Cheti hakikuburutwa juu ya kokoto
na vijana kumi na wawili wanaodaiwa kodi ya chumba.

Mshono umechomelewa mara mbili, na katikati
umeachwa mfereji mwembamba kama mrija wa soda.
Naziba huku, naziba kule,
nadunga sindano, napampu upepo,
naandika saa. Kisha ni kungoja.
Dakika tano, mshale usishuke.
Tenywa anasimulia mpira wa jana.
Kaloli, yule korongo mwenye upara, amesimama ukingoni:
amewahi, taka zenyewe hazijafika.

Mshale unashuka.

"Jua hilo," asema Tenywa. "Joto hudanganya mashine."
Joto hupandisha, Tenywa. Halishushi.

Napaka maji ya sabuni ya mche, ile ya kufulia,
natambaa nayo, jicho karibu na plastiki
hadi pua inajaa harufu ya lami.
Pale.
Kiputo kimoja. Kinavimba, kinapasuka, kinavimba.
Tundu lisilopitisha unywele, na linapumua.

Mwalimu wetu wa Kiswahili, Bugembe,
alituandikia ubaoni ule ufa na ule ukuta.
Lakini ukuta una adabu: hupasuka mchana, watu wakiona.
Hakutuambia habari za sakafu
itakayopasuka gizani, chini ya mita ishirini
za nepi, betri, maganda ya matoke,
na maji meusi yakashuka polepole
yakiulizia njia ya Kiyira.

Machi iliyopita nilikuwa kwenye jalala la zamani,
lile ambalo halikutandikwa hata mkeka.
Lilifukiwa, likasahauliwa, likauzwa vipande vipande.
Nilikuwa na keekee ya mkono, mifuko thelathini,
kalamu ya wino usiofutika.
Sentimita kumi. Thelathini. Sitini.
Udongo wa juu mweusi, wa kutamanisha;
wa chini rangi ya kutu, na kipande cha kandambili.
Bi Nakisige alinishikia mifuko mdomo wazi.
Bustani yake ndiyo nukta ya kumi na nne.
"Dodo wangu hawajui mbolea," alisema kwa fahari,
akanifungia fungu la mchicha huo, akakataa pesa.

Majibu yalitoka baada ya wiki tatu.
Risasi.
Kiswahili kimevipa jina moja
kitokacho mdomoni mwa bunduki
na kilalacho kimya udongoni.
Nilirudi kumweleza. Aliniuliza:
"Yote, au majani ya chini tu?"

Namba niliijaza kwenye jedwali, kwa wino mwekundu.
Jedwali halikuwa na safu
ya lile fungu nililolipika usiku uleule
kwa karanga, nikawapa wanangu,
wakaramba sahani.

Malori ya changarawe yamepanga foleni, yananguruma.
"Kiputo kimoja, Kagoya. Ekari sita, kiputo kimoja!"
Nazungushia chaki nyeupe.
Naandika tarehe, na jina langu kwa kirefu.
Kijana wa kuchomelea anakuja na kiraka
cha duara, kipana kama sahani.
Tunaacha kipoe.

Mshono sasa umekuwa vipande viwili,
na kila kimoja kina dakika zake tano.
Naanza na cha kushoto.
Naziba huku, naziba kule.
Tenywa amezima simu, amechuchumaa kando yangu,
anautazama mshale.
Kaloli hajaondoka.
Dakika ya kwanza.